ALHASILI: NENO LA KUVUNIA MANENO
Somo la lugha kwa wahitimu wa kisomo

Leo tutajifunza neno moja tu. Neno lenyewe ni ALHASILI. Huenda umelisikia kwenye hotuba ya mgeni rasmi, au msikitini siku ya Ijumaa. Huenda umeliona kwenye barua ya mtu aliyesoma sana. Ni neno zuri, lakini ni zito. Ni kama jembe: linalima, na usipoangalia linakata mguu.

Kwanza nitakupa kisa. Halafu tutajifunza neno lilikotoka na kazi yake. Mwisho utafanya zoezi.

KARATASI ILIYOLETWA DARASANI

Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Tanga na Pangani, mama mmoja alikuja darasani jioni. Katika pindo la kanga yake alikuwa amefunga karatasi. Akaifungua, akaninyooshea.

Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, mama huyu alikopa shilingi 400,000 ili amtibu mumewe. Wakati ule alikuwa hajui kusoma. Aliweka rehani minazi 20. Makubaliano yaliandikwa, akasomewa, akapiga dole gumba. Sasa mkopeshaji alikuwa ameleta karatasi ya pili. Alitaka nayo ipigwe dole.

Lakini safari hii mama akasema, "Niachie. Nitaisoma mwenyewe." Mkopeshaji akacheka. Akamwachia.

Karatasi ilikuwa imeandikwa hivi:

1. Mwenye shamba alipokea shilingi 400,000.
2. Aliweka rehani minazi 20.
3. Alikubali kulipa baada ya miezi 12. Mpaka alipe, nazi za minazi hiyo zitachukuliwa na mkopeshaji.
4. Miezi 12 imekwisha na deni halijalipwa.
Alhasili, shamba lote la minazi ni mali ya mkopeshaji na kizazi chake, na mwenye shamba hana dai tena.

Mama aliisoma mbele ya wenzake, polepole, kwa kidole, toka juu mpaka chini. Alipofika kwenye neno "alhasili" akasimama.

"Mwalimu," akasema, "ya juu yote ni kweli. Nayakubali. Lakini nikifika kwenye neno hili naona kama mlango umefungwa."

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akajibu kabla yangu: "Mwanangu, hilo ni neno la Kiarabu. Ni neno la wanachuoni. Ukishaona pameandikwa alhasili, basi ujue shauri limekwisha."

Darasa zima likanyamaza. Nikamwambia, "Mzee wangu, neno ni la Kiarabu, hujakosea. Lakini karatasi hii si msahafu. Imeandikwa na mtu, na mtu huulizwa."

Siku ile tuliacha somo tulilokuwa tumepanga. Tulisoma neno hili. Nawe msomaji, hebu tulisome pamoja.

NENO HILI LIMETOKA WAPI?

Katika Kiarabu, maneno mengi hujengwa juu ya shina la herufi tatu. Shina la neno letu ni H, S na L. Maana yake ni kutokea au kupatikana. HASIL ni kile kilichopatikana baada ya kazi. AL ni kipande kinachotangulia jina, kama unavyokiona katika maneno alfajiri, alasiri na Alhamisi. Ukiviunganisha unapata AL-HASIL. Sisi watu wa pwani tukaongeza irabu mwishoni, kama ilivyo desturi ya ulimi wetu, tukapata ALHASILI. Maana yake ni "kilichopatikana ni hiki."

Sasa sikiliza jambo zuri. Kwa shina hilo hilo, Waarabu huyaita mazao ya shamba MAHSUL. Na katika hesabu, ukizidisha 6 kwa 5 ukapata 30, ile 30 huiita HASIL. Kwa hiyo neno hili linajulikana shambani na katika hesabu pia. Alhasili ni mavuno. Maneno yanayotangulia ni mbegu na palizi. Alhasili ni gunia unalobeba kwenda nalo nyumbani.

Neno hili lilifikaje kwetu? Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa zaidi ya miaka 200, kabla ya herufi hizi tunazotumia sasa kuenea. Barua zao zilianza kwa salamu ndefu. Kisha likaja neno "wabaadu", yaani "na baada ya hayo." Hapo ndipo mwandishi alipoingia katika shauri lake. Mtu aliyejua kupanga maneno namna hiyo aliheshimiwa. Ndiyo maana mpaka leo neno kama alhasili likitamkwa, watu hukaa sawasawa.

Lakini angalia. Maneno haya pia yametoka katika Kiarabu: lakini, au, ila, wala, hata, sababu, baada, kabla, yaani. Unayatumia kila siku ukiuza mchicha au ukimwita mtoto aje kula. Huyaogopi. Basi na alhasili usiliogope. Ni ndugu yao, ila yeye amevaa kanzu ya sikukuu.

KAZI YA ALHASILI NA NDUGU ZAKE

Watu wengine hulitumia neno hili ovyo ili waonekane wamesoma. Tutazame tofauti yake na maneno yaliyo karibu nalo.

MAADAMU huweka sababu mbele. Mfano: Maadamu bahari imechafuka, ngalawa hazitoki.

KWA HIYO hufuata sababu, hata ikiwa moja. Mfano: Mvua imenyesha, kwa hiyo njia ina utelezi.

YAANI hueleza jambo lile lile kwa maneno mengine. Haliongezi jambo jipya. Mfano: Amelipa nusu ya deni, yaani shilingi 50,000 kati ya 100,000.

HATIMAYE huonyesha wakati. Hueleza kilichotokea mwisho. Mfano: Tulimngoja fundi siku tatu, hatimaye akaja.

ALHASILI hukusanya sababu nyingi na kutoa jambo moja. Mfano: Upepo wa kusi umekaza. Bahari imechafuka. Nyavu mbili zilichanika jana. Alhasili, leo hatuendi kuvua.

Umeona? Huwezi kuanza barua kwa alhasili. Ukianza hivyo, msomaji atauliza, "Umevuna nini, na shamba liko wapi?" Wala usilitumie mara tano katika barua moja. Shamba moja huvunwa kwa wakati wake. Ukiliandika, weka mkato baada yake, ili msomaji apumue kidogo kabla ya kusikia neno lenyewe.

KANUNI TATU ZA MAVUNO

Ukiona alhasili katika karatasi yoyote, usitie sahihi kwanza. Rudi juu. Pima kwa kanuni hizi tatu.

Kanuni ya kwanza: Usivune usichopanda. Kila jambo lililo katika alhasili lazima liwe na asili yake juu. Kama juu pametajwa mihogo, chini hapawezi kutokea mpunga.

Kanuni ya pili: Usivune zaidi ya ulichopanda. Kama juu pameandikwa "baadhi", chini pasiandikwe "wote." Kama juu pameandikwa "huenda", chini pasiandikwe "hakika." Maneno haya ni madogo, lakini ndiyo yanayohamisha mali ya mtu.

Kanuni ya tatu: Angalia mbegu. Sababu zilizo juu zenyewe ni kweli? Nani ameziona? Sababu ikiwa mbovu, alhasili haina mguu wa kusimamia. Hapo usiseme kwamba alhasili ni uongo. Sema haijathibitishwa, kisha dai sababu nyingine.

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Ni kweli. Lakini sote tumeona mawingu yakitanda juu ya milima ya Usambara asubuhi, na jioni hakuna hata tone. Dalili inakutaka uangalie zaidi. Haikupi ruhusa ya kuhukumu.

TURUDI KWENYE KARATASI

Sasa tuipime karatasi ya mama kwa kanuni zetu. Nilimwambia aje mbele, ashike chaki mwenyewe. Akaandika ubaoni maneno mawili kutoka katika alhasili: "shamba lote" na "mali."

Nikauliza darasa: Neno "shamba lote" limetoka katika namba ipi? Wakatafuta. Namba 1 hamna. Namba 2 inasema minazi 20. Mama akasema, "Shamba langu lina minazi 34." Basi minazi 14 imeingia katika gunia bila kupandwa. Kanuni ya kwanza imevunjwa.

Nikauliza tena: Neno "mali" limetoka wapi? Namba 2 inasema "rehani." Je, rehani na mauzo ni kitu kimoja? Yule mzee wa nyuma akatikisa kichwa. "La," akasema. "Rehani ni dhamana. Kitu bado ni cha mwenyewe, kimeshikwa tu." Basi hata ile minazi 20, karatasi haikusema popote kwamba imeuzwa. Kanuni ya pili nayo imevunjwa: juu kumeshikwa, chini kumechukuliwa kabisa.

Darasa likapiga makofi. Kijana mmoja akasimama, akasema kwa sauti kubwa, "Na nazi je? Amezichukua mwaka mzima! Alhasili, deni limekwisha lipwa!"

Wote wakafurahi. Hapo ilinibidi niwazuie na wao. Nikasema, "Haya, kanuni ni zile zile. Tafuteni namba inayosema kwamba nazi zinapunguza deni." Wakasoma namba 3 mara mbili. Inasema nazi zitachukuliwa mpaka deni lilipwe. Haisemi zinapunguza kitu. Huenda si haki. Huenda mama alipaswa kudai hivyo siku ile ya kwanza. Lakini haimo katika karatasi, na yeye alipiga dole. Kanuni hazimpendelei mtu kwa kuwa ni mwenzetu.

Mama mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno. "Deni ni deni. Nitalipa. Lakini shamba sikuuza."

Kisha akafuta ile alhasili ya mkopeshaji, akaandika yake:

"Alhasili, deni ni shilingi 400,000, minazi 20 bado ni rehani, na shamba ni langu."

Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji. Kila neno lililomo lina namba yake juu. Neno "langu" nalo limetoka juu, kwa kuwa mtu haweki rehani kwa haki kitu kisicho chake, na karatasi yenyewe inamwita "mwenye shamba."

KILICHOTOKEA BARAZANI

Mama hakupiga dole, wala hakutia sahihi. Alikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili lipo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe 7, na wanawake kati yao wasipungue 3. Kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya ardhi kijijini. Mtu ambaye hakuridhika anaweza kwenda mbele zaidi.

Karatasi zote mbili zilisomwa kwa sauti. Mjumbe mmoja akamwuliza mkopeshaji, "Ndugu yetu, maneno 'shamba lote' yametoka katika namba ipi hapa?" Yule bwana akaitazama karatasi kwa muda. Akasema, "Ndivyo tulivyozoea kuandika."

Wakapatana. Mama alipe shilingi 100,000 mara nne. Akimaliza, minazi 20 inarudi. Minazi 14 isiguswe na mtu. Mama alilipa kwa nazi za ile minazi 14 na kwa mihogo aliyouza sokoni. Ilikuwa kazi ngumu. Nazi za mwaka ule wa kwanza hakurudishiwa, na mpaka leo akipita chini ya minazi ile huzitaja. Lakini mkwezi akipanda sasa kuangua, anayehesabu nazi chini ni mama mwenyewe.

Yule mzee wetu wa nyuma alinijia baada ya darasa. "Kumbe alhasili nayo huulizwa," akasema.

MFANO WA PILI: SANDUKU LA AKIBA

Usidhani wanaokosea ni wakopeshaji tu. Hata sisi kwa sisi tunakosea. Tazama mfano huu wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Fedha za kikundi zimepungua shilingi 30,000. Mtunza hazina ana ufunguo wa sanduku. Juzi alinunua kitenge kipya. Alhasili, mtunza hazina ameiba.

Pima. Fedha zimepungua: je, zilihesabiwa mbele ya wote, au ni daftari limekosewa? Mtunza hazina ana ufunguo: lakini sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Ufunguo mmoja haufungui kitu. Amenunua kitenge: je, hana biashara yake? Mume hawezi kumnunulia?

Sababu hizi ni mawingu. Zinatosha kuandika hivi: "Alhasili, fedha na daftari vihesabiwe upya mbele ya wanachama wote." Hazitoshi kumwita mtu mwizi. Neno hilo likishatoka kinywani halirudi. Kikundi huvunjika, na watu wa mtaa mmoja huacha kuzikana.

Watu husema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii hutumiwa sana kuhukumu watu kwa uvumi. Wewe unayejua kusoma, uliza kwanza: lipo wapi, na nani ameliona?

ANDIKA ALHASILI YAKO

Sasa tutumie neno hili kwa faida yetu. Barua yenye alhasili nzuri husomwa na kujibiwa upesi, kwa sababu mkubwa wa ofisi anaona mara moja unataka nini na kwa nini. Huu ni mfano wa barua kwa Mtendaji wa Kijiji:

Ndugu Mtendaji,
Sisi wakazi wa kitongoji chako tunakuarifu haya:
1. Pampu ya kisima chetu imeharibika tangu tarehe 3 Machi.
2. Kaya 85 zimechanga shilingi 2,000 kila moja. Jumla ni shilingi 170,000, na stakabadhi zipo.
3. Fundi amekagua pampu. Anasema vipuri na kazi ni shilingi 150,000.
Alhasili, fedha za matengenezo zipo na zinatosha. Tunaomba idhini fundi aanze kazi wiki hii.
Wako katika kazi,

Angalia jinsi ilivyo. Hakuna matusi. Hakuna "mmetutupa." Mna mambo matatu yanayoweza kuhakikishwa, na ombi moja. Nani atakataa?

MANENO MAGUMU

Rehani: mali iliyowekwa kuwa dhamana ya deni.
Dhamana: kitu au ahadi ya kuhakikisha kwamba deni litalipwa.
Mkwezi: mtu anayepanda minazi ili kuangua nazi.
Stakabadhi: hati ya kuonyesha kwamba fedha zimepokelewa.
Idhini: ruhusa.
Wanachuoni: watu wenye elimu kubwa, hasa ya dini.

ZOEZI

Fanya zoezi hili peke yako kwanza. Halafu jadiliana na wenzako darasani au barazani.

1. Soma habari hii: Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kilimo cha mkonge cha nchi yetu kilianzia hapo.
Ipi kati ya hizi ni alhasili halali, na kwa nini?
(a) Alhasili, mkonge ni mmea wa asili ya Tanga.
(b) Alhasili, miche 938 haikufika hai.
(c) Alhasili, Hindorf alitajirika kwa mkonge.

2. Jaza nafasi kwa neno moja kati ya haya: yaani, hatimaye, maadamu, alhasili.
(a) ______ umeahidi, timiza.
(b) Tulisubiri basi la Muheza mpaka saa nane, ______ likaja.
(c) Mahindi yameota vizuri, mvua imetosha, na ngedere wamefukuzwa. ______, mwaka huu tutavuna.
(d) Alikuja juzi, ______ Jumatatu.

3. Katika barua ya kisima, baada ya fundi kulipwa zitabaki shilingi ngapi? Je, barua imesema zitumikeje? Kama haikusema, andika namba 4 ya kuongeza.

4. Tafuta karatasi moja nyumbani mwako iliyowahi kutiwa sahihi au dole gumba: ya mkopo, ya shamba, au ya kikundi. Soma sehemu yake ya mwisho. Kisha rudi juu, utafute kila neno lilikotoka. Ukikuta neno lisilo na namba yake, liandike katika daftari, ulete darasani.

Ndugu msomaji, usiruke swali la nne. Karatasi nyingi za vijijini zilipigwa dole gumba na watu waliokuwa hawajui kusoma. Sasa unajua. Isome tena.